Sauti Hii ni ya Nani? Neno kwa Wazee na Vijana Wetu

Somo: 1 Samweli 3:1–18





Sikukuu imepita. Magari yaliyojaza barabara za Marangu, Kibosho, Uru na Machame yamekwisha kushuka kurudi Dar es Salaam, Arusha, Dodoma na Mwanza. Nyumba zilizokuwa na watu ishirini siku ya Krismasi sasa zimebaki na babu, bibi, ng'ombe wa zizini na labda mjukuu mmoja anayesoma shule ya msingi. Na katika nyumba nyingi kimebaki kitu kimoja kipya: simu ya kupangusa, zawadi ya mtoto kwa mzazi wake. Mtoto aliitoa kwenye boksi, akaiwasha, akapiga nayo picha ya mama mbele ya migomba, watu wakapiga vigelegele. Siku chache baada ya Mwaka Mpya akaondoka. Simu ikafungwa katika kitambaa safi, ikawekwa kabatini pamoja na vikombe vya wageni.

Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya simu hiyo iliyo kabatini. Wengine watauliza, je, hilo nalo ni neno la Kanisa? Tunajibu kwamba ndiyo, na tutaeleza kwa nini.

Mama mmoja wa parishi yetu, mjane, ametupa ruhusa ya kusimulia habari yake bila kumtaja jina. Mama huyu alikosana na mwanawe kwa ajili ya kipande cha kihamba. Maneno makali yalisemwa, mwana akaondoka, wala hakupanda tena mlimani. Mara nyingi mama alituambia, hata siku za kujiandaa kwa Meza ya Bwana, "Mimi nimekwisha kumsamehe, lakini naye aniombe. Mpaka leo hajasema neno." Nasi tulimwombea yule kijana aliyekuwa mgumu wa moyo.

Krismasi ya mwaka uliotangulia, binti wa mama huyu alikuwa amemletea simu ya kupangusa. Alimfundisha jambo moja tu, kuichaji, na mama akafanya hivyo kwa uaminifu kila Jumamosi. Simu ilipolia, alibonyeza jina la mpigaji kama alivyozoea kubonyeza kitochi chake cha zamani, lakini haikupokelewa, maana simu ya namna ile haibonyezwi, hupanguswa. Akaona haya kuuliza. Akawa akiigeuza kifudifudi mpaka inyamaze.

Desemba iliyopita mjukuu wake alikuja likizo, akaichukua, akasema, "Bibi, mjomba alikutumia ujumbe wa sauti. Ni wa mwezi wa pili." Akaufungua. Mama akaisikia sauti ya mwanawe ikisema kwa Kichaga maneno ambayo mtu huyasema anapokuja nyumbani ameshika jani la sale mkononi. Ninyi mliozaliwa mlimani mnajua sale ni nini. Ni jani la mpaka wa kihamba, na pia ni jani la kuomba msamaha. Mtu akikujia nalo ni vigumu kumfukuza. Kulikuwa na ujumbe wa pili, wa mwezi wa sita, mfupi, akiuliza kama mama amesikia ule wa kwanza. Baada ya huo hakutuma tena.

Fikirini, ndugu zetu. Kwa miezi kumi mwana aliamini amekataliwa na mama aliamini amedharauliwa. Nasi tulikuwa tukiomba juu ya moyo mgumu wa mtu ambaye alikwisha kutubu. Msamaha ulikuwa umefika nyumbani, umelala kabatini, na hapakuwa na mtu wa kuufungua.

Mama alimpigia mwanawe jioni ile ile, kwa mkono wake mwenyewe, mjukuu akimwelekeza. Walizungumza mpaka chaji ikaisha. Kabla ya mwaka kwisha, mwana alipanda mlimani.

Basi, na tulitazame somo letu.

Samweli alikuwa kijana mdogo akihudumu hekaluni chini ya kuhani Eli. Eli alikuwa mzee, na macho yake yalikuwa yamefifia. Usiku mmoja, taa ya Mungu ingali inawaka, kijana akasikia akiitwa. Akamkimbilia Eli akidhani ndiye aliyemwita. Eli akamrudisha alale. Jambo hilo likatokea mara tatu. Mara ya tatu Eli akatambua kwamba ni Bwana anayemwita kijana, akamfundisha la kujibu. Samweli akarudi mahali pake, na alipoitwa tena akajibu kama alivyofundishwa.

Tazameni jinsi Mungu alivyogawa karama usiku ule. Kijana alisikia, lakini hakujua sauti ni ya nani. Mzee hakusikia, lakini alijua sauti ni ya nani. Kama Samweli angalikuwa peke yake angalikimbia huku na huku mpaka asubuhi. Na kama Eli angalikuwa peke yake, angalilala tu. Neno la Bwana lilipokelewa katika nyumba ile kwa sababu mzee na kijana walikuwa wakilala karibu kiasi cha mmoja kumwendea mwenzake usiku.

Kutoka katika habari hiyo tuna maneno manne.

Neno la kwanza ni kwetu sisi wazee, nalo ni juu ya haya.

Tuseme kweli. Wengi wetu tusemapo, "Mambo haya ni ya vijana, mimi nimekwisha kuzeeka," hatusemi habari ya uzee. Tunaficha haya. Tunaogopa mtoto mdogo atatuona hatujui. Tunaogopa kubonyeza tusije tukaharibu kitu cha thamani. Na tukiulizwa twasema kwa ukali, "Simu imeharibu watoto!" ili tusiulizwe tena.

Wala si kosa letu kwamba tulichelewa kukutana na vyombo hivi. Vijana wetu yafaa walijue jambo hili. Mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Televisheni ilianza kuonekana Tanzania Bara mwaka 1994, na mwaka huo huo simu za mkononi zikaanza, tena kwa watu wachache wenye fedha. Sisi tulikuwa watu wa sanduku la posta na redio. Kutuma fedha kwa simu kulianza hapa nchini mwaka 2008, wakati wengi wetu tulikuwa tumekwisha kupata wajukuu. Kisha mambo yakaja kwa mkupuo. Umeme ukawa wa kununua kwa LUKU, na tarakimu ishirini za kuingiza kwenye mita. Malipo ya Serikali yakawa ya namba maalumu. Mwaka 2019 laini za simu zikaanza kusajiliwa kwa alama za vidole, na tangu tarehe 20 Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Wako wazee waliosimama foleni siku zile, na walipofika mbele mashine ikavikataa vidole vyao mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Vidole vilivyoshika jembe na panga miaka hamsini hufutika mistari yake. Mzee aliyelima kahawa iliyosomesha watoto sita aliambiwa mbele za watu kwamba vidole vyake havisomeki. Hilo liliwauma wengi, nasi hatutaki kulipita kama jambo dogo.

Lakini haya si bwana wetu. Na katika jambo hili sisi wazee wa leo tuna ushahidi ambao hauwezi kukanushwa, maana tuliushiriki wenyewe.

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka uliofuata zikachaguliwa wilaya sita ambazo zingefuta kabisa ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kabla ya mwisho wa 1971. Zilikuwa Mafia, Ukerewe, Masasi, Pare, Dar es Salaam na hii yetu ya Kilimanjaro. Ninyi mliokuwapo mwakumbuka. Madarasa yalikuwa shuleni, makanisani na chini ya miti. Wazee walikuja jioni baada ya kukata majani ya ng'ombe, mikono ikinuka maziwa, wakakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga meza. Na nani walikuwa walimu? Walikuwa walimu wa shule za msingi, wanafunzi, na vijana waliomaliza darasa la saba. Aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1971 leo amepita sabini. Ni sisi!

Sisi ndio tuliomshika mkono babu akaandika jina lake kwa mara ya kwanza. Sisi ndio tuliomwambia bibi, "Usiogope, futa, andika tena." Twakumbuka wengine walivyokataa wakisema macho hayaoni, kichwa kimejaa, kazi hiyo ni ya watoto. Ni maneno yale yale tunayoyasema leo juu ya simu! Na twakumbuka jinsi tulivyosikitika waliposema hivyo, maana tulijua wanaweza. Mwaka 1973 watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi wakisikiliza redio katika kampeni ya "Mtu ni Afya", wakajadiliana, wakaenda kuchimba vyoo. Mwaka 1967 watu wazima wawili kati ya kila watatu nchini hawakujua kusoma. Baada ya mitihani ya mwaka 1975 walihesabiwa wapatao 39 katika kila mia. Kazi hiyo haikufanywa na watu wenye akili za ajabu. Ilifanywa na wazee waliokubali kufundishwa na watoto wao.

Nao walikuwa wakifuata njia ya Kanisa. Wamisionari wa kwanza wa Kanisa letu walikaa Moshi tangu mwaka 1885 hata 1892, na pamoja na Injili walileta alfabeti. Karatasi isemayo ilikuwa kitu kigeni siku zile, kama simu ilivyo kwa baadhi yetu leo. Wazazi wetu katika imani walijifunza kuisoma karatasi hiyo kwa sababu Neno lilikuwa ndani yake.

Kwa hiyo, wazee wenzetu, tumkumbuke Eli. Hakuona haya kwamba Mungu amesema na mtoto aliyemlea mwenyewe. Asubuhi alimwita, akamwuliza aliyoyasikia. Kuhani mkuu aliuliza habari kwa mtoto. Nasi tuulize. Kuuliza si ujinga.

Neno la pili ni kwenu vijana, nalo ni juu ya namna ya kufundisha.

Tazameni tena alivyofanya Eli, maana katika usiku ule yeye naye alikuwa mwalimu. Hakumwambia Samweli, "Kaa hapa, nitakwenda kujibu mimi." Alimwonyesha la kufanya, akamrudisha mahali pake akajibu mwenyewe. Hivyo ndivyo afanyavyo mwalimu.

Ninyi mnafanyaje? Bibi akiuliza, "Mjukuu wangu, hii inafanywaje?" mnaitwaa simu mkononi mwake, vidole vinaruka mara tano, mnamrudishia mkisema, "Tayari, Bibi." Hapo hamkumfundisha kitu. Kesho atauliza tena, na kesho kutwa mtakuwa mmechoka, na siku ya tatu ataacha kuuliza. Ndipo simu inapoingia kabatini.

Tunawaomba mfanye mambo matatu. La kwanza, simu ibaki mkononi mwa mzee. Mwelekezeni kwa maneno, yeye abonyeze, hata kama itachukua nusu saa. La pili, mwandikieni hatua katika daftari, kwa herufi kubwa, kwa kalamu nzito: ya kwanza fanya hivi, ya pili fanya hivi. Sisi ni watu wa daftari, tunalitumainia. Ongezeni pia ukubwa wa maandishi ya simu na sauti ya mlio, maana chombo hicho kina nafasi ya kufanya hivyo. La tatu, fundisheni kwanza lile ambalo mzee analipenda. Mtu hajifunzi simu kwa ajili ya simu. Akifundishwa kusikiliza sauti ya mwanawe aliye Mwanza, au kuona uso wa kitukuu aliyezaliwa juzi, mengine atayatafuta mwenyewe.

Liko na jambo la nne, nalo ni zito. Msiitake namba ya siri ya mzee. Twajua kwamba wako bibi zetu ambao namba zao za siri zinajulikana na wajukuu, na mjukuu ndiye aendaye kwa wakala. Wengi ni waaminifu, Mungu awabariki. Wengine hutumiwa shilingi hamsini elfu wakafikisha arobaini, wakisema makato yamepanda. Tukiwa vijana tulifundishwa neno "unyonyaji", tukadhani ni la mabepari tu. Ndugu zetu, kumnyonya bibi yako kwa sababu hajui kusoma ujumbe wa muamala ni unyonyaji, tena unavunja amri ya Mungu ya kuwaheshimu wazazi. Heshima haiishi kwenye kusema "Shikamoo". Kumwezesha mzee kuijua fedha yake mwenyewe nako ni heshima.

Tena msitufiche habari mbaya. Samweli aliogopa kumwambia Eli aliyoyasikia, maana yalikuwa maneno ya hukumu juu ya nyumba ya Eli mwenyewe. Eli akamsihi asimfiche hata neno, na alipoyasikia akayapokea. Siku hizi ugonjwa wa mtoto, kesi ya mtoto na hata kifo hujulikana kwanza katika kundi la ukoo kwenye simu, kisha vijana wanakubaliana, "Babu asiambiwe." Kijiji kizima kinajua, babu hajui, na ni mwanawe. Mioyo yetu imebeba mengi. Tuambieni, mkae nasi tunaposikia.

Neno la tatu ni kwa wote, nalo ni la kupambanua sauti.

Tulisema kwamba kijana alisikia asijue ni nani aitaye. Hilo ndilo tatizo la siku hizi, maana sauti zimekuwa nyingi. Nani kati yetu hajapata ujumbe usemao ile hela itumwe kwenye namba hii? Nani hajasikia habari ya mzazi aliyepigiwa simu na mgeni akimwambia kwamba mwanawe ameanguka shuleni au amepata ajali, fedha zitumwe sasa hivi? Matapeli wanajua kwamba moyo wa mzazi hauna kufuli.

Katika Mwanzo 27 tunasoma habari za Isaka, mzee asiyeona. Alisikia sauti ya mwana mmoja, akapapasa mikono iliyofanana na ya mwingine, akaona shaka, akauliza, kisha akaiacha shaka yake akatoa baraka. Alitapeliwa nyumbani mwake, na watu wa nyumba yake. Basi asiwepo mtu wa kumcheka mzee aliyetapeliwa. Wako vijana wengi wenye vyeti ambao wametapeliwa zaidi yake, wakatoa hata ada ya chuo kwa ahadi ya faida ya siku saba.

Hapa ndipo wazee tuna kitu cha kuwapa vijana. Mlimani kwetu mgeni akifika nyumbani haulizwi kwanza anataka nini. Huulizwa ni wa wapi, ni wa ukoo gani, nani anamjua. Ni desturi nzuri, nayo inafaa kwenye simu kuliko mahali pengine popote. Kijana mmoja alimwonyesha bibi yake ujumbe wa furaha kwamba ameshinda mamilioni na anatakiwa kutuma kidogo tu ili ayapokee. Bibi, ambaye hakujua hata kuifungua simu ile, akauliza, "Huyu anayekupa ni wa nani? Na kama ana mamilioni, mbona anaomba nauli kwako?" Kijana akanyamaza. Fedha yake ikapona. Penye wazee haliharibiki neno.

Kwa hiyo kila mmoja aweke kanuni hizi. Fedha isitumwe kwa haraka. Ukiambiwa mwanao ana shida, kata simu hiyo, mpigie mwenyewe kwa namba uliyoizoea, au mpigie ndugu yake. Namba ya siri haiulizwi na mtu mwema yeyote, hata akisema anatoka kampuni ya simu. Ujumbe wa utapeli waweza kuupeleka kwenye namba 15040, iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano kwa kazi hiyo. Na ukibonyeza *106# utaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, ili mtu mwingine asije akatumia jina lako kwa uovu. Mambo hayo hata kitochi yanafanyika.

Na sauti ya Mungu je? Ipo hata huko. Wako wagonjwa wetu wasioweza kufika kanisani ambao husikiliza Neno kwa simu, na twamshukuru Mungu. Lakini katika chombo hicho hicho wako waitwao manabii wanaouza maji na mafuta, na wanaotaka sadaka kabla ya kuomba. Kanuni ni ile ile: uliza ni wa nani, ametumwa na nani, anafundisha sawasawa na Maandiko? Mwulize kasisi wako, mwulize mwinjilisti wako. Usikimbilie kila uitwapo.

Neno la nne ni kwa Halmashauri ya Kanisa na kwa sisi tunaoongoza.

Sisi Waanglikana si wengi hapa Moshi. Tumetoka huku na huku, wengine mlimani, wengine Upareni, Ugogo na Pwani, tukaletwa na reli, na viwanda, na mashamba ya miwa. Watu wachache hawana budi kujuana. Lakini siku hizi matangazo mengi yanatolewa kwenye kundi la simu tu. Saa ya ibada ya mazishi inabadilishwa usiku, asubuhi nusu ya wazee wanakuta kaburi limekwisha kufunikwa. Mzee aliyezikwa na Kanisa bila rafiki zake kuwapo kwa sababu hawakuwa katika kundi, ametendewa isivyo haki, na rafiki zake pia. Tunapendekeza kila tangazo la msiba lifikishwe nyumbani kwa kila mzee asiye na simu, na kijana wa karibu apewe kazi hiyo.

Vivyo hivyo sadaka. Ni vyema kwamba aliye safarini aweza kutuma zaka kwa simu. Lakini kikapu kisiondolewe, wala asionekane wa nyuma yule aletaye sarafu mkononi. Bwana wetu aliketi akatazama watu wakitoa, na aliyemsifu alikuwa mjane mwenye sarafu mbili.

Tena twaomba madarasa ya kisomo yarudi, ila sasa kisomo cha simu. Baada ya ibada ya Jumapili, nusu saa tu, Umoja wa Akina Mama waandae chai, vijana wakae kila mmoja na mzee mmoja, asiyekuwa bibi yake mwenyewe, maana wa nyumbani hukosa subira. Mzee alete simu yake na daftari. Naye kijana asiondoke mikono mitupu. Mzee amsimulie jambo moja la zamani: jinsi mfongo ulivyochimbwa na zamu za maji zilivyogawanywa, jinsi alivyoitwa na Mungu, jinsi alivyovumilia katika ndoa miaka arobaini. Hivyo Eli na Samweli watakaa tena karibu.

Mwaka 2022 Shirika la Mawasiliano, TTCL, lilifikisha intaneti Horombo, mita 3,720 juu ya bahari. Leo mgeni apandaye mlima wetu aweza kumwonyesha mama yake aliye Ulaya theluji akiwa njiani kwenda kileleni. Twafurahi. Lakini mawasiliano yaliyopanda mpaka kwenye baridi ile yamepita juu ya paa za nyumba zetu. Isiwe kwamba mgeni anasikilizana na mama yake ng'ambo ya bahari, na mama wa hapa chini, kwenye migomba, hajasikia kwamba mwanawe amemwomba msamaha.

Basi ukimaliza kusoma maneno haya, fungua kabati. Itoe simu kwenye kitambaa. Mwite mtoto aliye karibu, wako au wa jirani, mkae pamoja mezani. Mwulize kuna nini humo. Nawe kijana, keti. Usiitwae mkononi mwake.

Na tuombe.

Ee Mungu, uliyemwita kijana Samweli usiku, ukampa mzee Eli kuitambua sauti yako: utuondolee sisi wazee kiburi na haya, ili tujifunze kwa watoto wetu, uwape vijana wetu subira na uaminifu, ili wasitumie udhaifu wetu kwa faida yao. Uwalinde watu wako na kila sauti ya udanganyifu. Na kama yuko mwana au binti aliyeomba msamaha tusisikie, utujalie kuusikia kabla jua la maisha yetu halijatua. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.